Msimbo Hausomeki: Kutafuta Chanzo katika QR, Data Matrix, PDF417 na Aztec

Anayenipigia simu kuhusu skana huanza karibu kila mara kwa kusema kwamba skana imekufa, nami nikifika dukani au ghalani huikuta nzima. Kilichokosekana ni maelewano kati ya aina ya msimbo uliochapwa, kifaa kinachousoma na programu inayopokea kilichosomwa. Watu wengi huita kila kisanduku chenye madoa meusi na meupe "QR", kiwe kwenye kasha la dawa, tiketi ya ndege au kifurushi kilichotoka ng'ambo, na kosa hilo dogo la jina hupoteza saa nzima za kazi, kwa sababu dalili ileile huwa na chanzo kimoja kwenye QR na chanzo kingine kabisa kwenye Data Matrix. Ndiyo maana naomba uutambue msimbo kwa macho yako kabla hujagusa mpangilio wowote wa skana.

Utambue msimbo kwanza

Kila aina ya msimbopau wa pande mbili ina alama ya kudumu ambayo skana huitafuta kabla ya kusoma chochote kingine, nawe itafute hiyohiyo. QR ina macho matatu, yaani miraba mikubwa iliyokaa kwenye pembe tatu. Iliundwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na macho yake yamepangwa ili mstari wowote unaopita katikati ya jicho ukutane na nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe na nyeusi kwa uwiano wa 1:1:3:1:1, hata kama karatasi imegeuzwa. Ukubwa wake huanzia viraba 21 kwa 21 hadi 177 kwa 177, na pande zote nne inahitaji pambizo tupu yenye upana wa viraba vinne.

Data Matrix haina jicho hata moja. Pande zake mbili zinazokutana ni mistari myeusi isiyokatika, inayofanya umbo la herufi L, na pande mbili zilizobaki ni viraba vyeusi na vyeupe vinavyopokezana. Yenye umbo la mraba huanzia viraba 10 kwa 10 na kuishia 144 kwa 144, na pambizo yake ni kiraba kimoja tu. Kuanzia 32 kwa 32 huwa na mistari inayoigawa katikati, na wako wanaodhani kwamba wameona misimbo minne iliyobanana. Hii ndiyo inayokaa kwenye makasha ya dawa, kwenye vipuri vidogo vya elektroniki na kwenye chuma kilichogongwa nukta.

PDF417 inafanana na misimbopau ya kawaida iliyopangwa safu juu ya safu, kuanzia safu 3 hadi 90. Namba 417 katika jina lake imetokana na umbile lake, kwa kuwa kila alama ina mistari minne na nafasi nne ndani ya upana wa vipimo 17. Iliundwa na Ynjiun Wang katika kampuni ya Symbol Technologies mwaka 1991, na utaikuta nyuma ya leseni za udereva za Marekani na kwenye pasi za kupandia ndege zilizochapwa kwenye karatasi. Aztec ina jicho moja la miraba lililokaa katikati kabisa, haihitaji pambizo, na imeenea kwenye tiketi za treni za Ulaya na pasi za ndege zinazoonyeshwa kwenye simu. Ukiona duara kama shabaha katikati ya vipande vyenye pembe sita, hiyo ni MaxiCode ya vifurushi vya kampuni ya usafirishaji ya UPS, na huenda usiikute popote pengine.

Macho yakishindwa kuamua, iulize skana yenyewe. Skana nyingi za kamera zina mpangilio wa kutanguliza utambulisho mfupi kabla ya data, nao huanza na mabano ya mraba yaliyofungwa: ]Q kwa QR, ]d kwa Data Matrix, ]L kwa PDF417, ]z kwa Aztec na ]U kwa MaxiCode. Mpangilio huo uwashe unapochunguza tatizo, kwa kuwa tarakimu inayofuata herufi itakufaa sana tutakapofika kwenye data iliyochanganyika.

Skana inawaka lakini haitoi mlio

Angalia mwanga unaotoka kwenye skana. Ukiwa ni mstari mmoja mwembamba mwekundu, huenda umeshika skana ya leza, nayo husoma mstari mmoja tu kwa wakati mmoja. Msimbo wenye viraba, uwe QR, Data Matrix au Aztec, haiwezi kuusoma kamwe, na hakuna mpangilio wala usafishaji utakaobadilisha hilo. PDF417 peke yake ina nafuu, kwa sababu ni safu za mistari na zipo skana za leza zilizotengenezwa kuipitia safu baada ya safu. Dawa ni kununua skana ya kamera, na kwa mwenye duka la rejareja ununuzi huo una tarehe: shirika la GS1, linalosimamia namba za bidhaa duniani, limeweka mwisho wa mwaka 2027 kuwa muda ambao mashine za malipo madukani ziwe na uwezo wa kusoma misimbo ya pande mbili pamoja na ile ya zamani. Anayenunua skana ya leza leo kwa sababu ni ya bei nafuu atanunua mara mbili.

Skana ikiwa ni ya kamera na bado imenyamaza, jaribu msimbo wa aina nyingine uliochapwa vizuri kwenye karatasi nyeupe. Ikisoma QR kwa wepesi lakini ikaigomea Aztec, aina hiyo imezimwa ndani ya skana. Baadhi ya aina huzimwa tangu kiwandani ili kuongeza kasi, na kitabu cha maelekezo huwa na msimbo wa kuiwasha. Huu ni utatuzi wa dakika moja, nami nimeona skana zikirudishwa kwa muuzaji kwa sababu hiyo tu.

Ikiwa kila aina inasomeka isipokuwa lebo yako mwenyewe, tazama rangi. Skana nyingi humulika kwa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo wino mwekundu au wa machungwa hung'aa sawasawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo msimbo mwekundu uliopendeza kwa mteja haupo kabisa machoni pa skana, ilhali simu yenye kamera ya rangi inausoma bila shida. Nyeusi, bluu iliyokolea na kijani iliyokolea ni salama. Msimbo mweupe juu ya mandhari nyeusi nao una mashaka yake: Data Matrix na Aztec tangu awali ziliruhusiwa kugeuzwa hivyo, lakini skana nyingi zinahitaji kuwashiwa ruhusa hiyo, na kwa QR baadhi ya programu za kusoma hukataa moja kwa moja.

Baada ya rangi, pima pambizo. Mchora lebo akiizungushia QR fremu nyeusi iliyogusana na macho, au mkasi ukikata hadi ukingoni, skana hushindwa kujua msimbo unaanzia wapi. Kwa uzoefu wangu hili ndilo kosa la kwanza la QR kwenye mabango na vifungashio vya biashara ndogo, na lina uchungu wake, kwa sababu viraba vyenyewe huwa vimechapwa vizuri kabisa na kilichokosekana ni nafasi tupu ya milimita mbili au tatu.

Simu inasoma, skana haisomi, au kinyume chake

Kamera ya kawaida ya simu imelenga QR. Mfanyakazi akiielekeza kwenye Data Matrix ya kasha la dawa na kukosa jibu, asihitimishe kwamba dawa ni bandia wala kwamba lebo ni mbovu. Atumie programu ya kusoma misimbo inayotaja Data Matrix miongoni mwa aina inazozijua. Vivyo hivyo kwa QR ndogo yenye jicho moja tu pembeni, iitwayo Micro QR, ambayo kamera nyingi za simu haziitambui.

Kinyume chake, simu ikisoma na skana ikashindwa, na rangi na mipangilio iko sawa, mara nyingi tatizo ni umbali na ukubwa wa viraba. Simu husogeza lenzi yake mpaka picha itulie, lakini skana nyingi za mkononi zina umbali mmoja zinaouona vizuri. Msimbo mdogo uusogeze karibu, na mkubwa uurudishe nyuma. Kwa bango linalosomwa kwa mbali, kipimo cha mazoea ni kugawa umbali kwa kumi: anayesimama mita mbili anahitaji QR yenye upana wa sentimita ishirini hivi.

Kwenye skrini ya simu mambo hubadilika. PDF417 ni pana na fupi, kwa hiyo ikiwekwa kwenye simu iliyosimama wima hubanwa mpaka mistari yake inakuwa myembamba kuliko skana inavyoweza kuitenganisha. Viwango vya chama cha mashirika ya ndege, IATA, vinaiweka PDF417 kwenye karatasi na kuruhusu Aztec, QR na Data Matrix kwenye simu, na sababu yake utaiona mwenyewe ukiweka PDF417 na Aztec pembeni kwa pembeni. Abiria anayepiga picha pasi ya karatasi na kuitumia tena kwenye simu anavuruga mpangilio huo, na mara nyingi picha hiyo huwa imepita kwenye programu ya ujumbe iliyoifinya na kutia ukungu kwenye kingo za mistari. Atumie pasi halisi ya simu, aongeze mwanga wa skrini hadi mwisho na azime hali ya giza.

Leo unasomeka, kesho unagoma

Msimbo unaosomeka mara moja kati ya tatu unaudhi kuliko usiosomeka kabisa, na chanzo chake karibu kila mara ni uchapaji. Chukua printa ya lebo ya nukta 203 kwa inchi, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi madukani. Kwa kila milimita huchapa nukta nane. Tuseme programu imeambiwa ichape Data Matrix ya viraba 22 kwa 22 katika upana wa milimita 8. Milimita 8 ni nukta 64, na 64 ukigawa kwa 22 unapata 2.9. Printa haiwezi kuchapa sehemu ya nukta, kwa hiyo viraba vingi vitapata nukta tatu na vingine viwili vitapata nukta mbili. Kiraba cha nukta mbili kimepungukiwa theluthi nzima ya upana wake, na kikiangukia kwenye upande wa viraba vinavyopokezana, skana hukosea kuhesabu na kukataa msimbo wote. Badilisha upana uwe milimita 8.25, yaani nukta 66, na kila kiraba kitapata nukta tatu kamili. Robo ya milimita ndiyo iliyokuwa ikikugombanisha na wateja.

Hesabu hiyo inaibana zaidi Data Matrix kwa sababu huchapwa ndogo. QR ya viraba 33 katika milimita 20 kwenye printa ileile ina nukta 160, nayo pia haigawanyiki sawasawa, lakini upungufu wa nukta moja katika kiraba cha nukta tano ni sehemu moja ya tano, na skana nyingi huvumilia. Hata hivyo sioni sababu ya kutegemea uvumilivu wa skana ya mtu mwingine wakati milimita 20.6 zinatoa nukta tano kamili kwa kila kiraba.

Hapa ndipo ulinganisho wa aina hizi unapokuwa na manufaa kuliko mahali pengine popote. Kiungo cha tovuti chenye herufi 60 kikiwekwa kwenye QR yenye kinga ya wastani dhidi ya uharibifu, ile inayorejesha asilimia 15 hivi ya data iliyoharibika, kinahitaji viraba 33 kwa 33, na ukijumlisha pambizo za viraba vinne kila upande unafika 41. Data hiyohiyo inaingia kwenye Data Matrix ya viraba 32 kwa 32, ambayo pamoja na pambizo yake ni 34. Kwa kiraba cha ukubwa uleule, Data Matrix inachukua takribani asilimia 70 ya eneo la QR, na kinga yake dhidi ya uharibifu si ndogo kuliko ile ya QR ya kiwango hicho. Kwenye kichupa au waya tofauti hiyo ndiyo inayoamua, ilhali kwenye bango la ukutani haina maana yoyote, na hapo QR inafaa zaidi kwa kuwa kila mpita njia anayo kamera inayoisoma.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuongeza kinga kunaweza kuzidisha tatizo. QR ina viwango vinne vya usahihishaji wa makosa, L, M, Q na H, vinavyoweza kurejesha takribani asilimia 7, 15, 25 na 30 ya data iliyoharibika. Mtu akiona lebo zake hazisomeki hupandisha hadi H, na kile kiungo cha herufi 60 kinaruka kutoka viraba 33 hadi viraba 45 kwa upande. Lebo ya milimita 20 haijaongezeka ukubwa, kwa hiyo kila kiraba kimeshuka kutoka milimita 0.61 hadi 0.44, na printa iliyokuwa ikisuasua sasa imeshindwa kabisa. Punguza data kabla ya kuongeza kinga. Kwa QR ipo njia moja ya kupunguza isiyojulikana sana: herufi kubwa, tarakimu na alama chache kama nukta, mkwaju na nukta pacha huhifadhiwa kwa biti 5.5 kila moja, lakini herufi ndogo moja tu huchukua biti 8. Jina la tovuti linaweza kuandikwa kwa herufi kubwa bila kuharibika. Sehemu inayofuata baada ya mkwaju ihakiki kwanza, kwa sababu seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Nembo iliyowekwa katikati ya QR ni aina ya uharibifu wa makusudi, na kinga hailindi kila mahali. Madoa na mikwaruzo katikati ya data husahihishwa, lakini jicho likifunikwa hakuna cha kusahihisha kwa kuwa msimbo haujaonekana. Data Matrix hufa ikikatwa mguu wa L. Aztec huvumilia kuchanika pembeni na hufa ikitobolewa katikati, kwa hiyo tiketi yenye Aztec usiikunje mkunjo ukapita kwenye jicho. PDF417 ina viwango vya kinga kuanzia 0 hadi 8, na kiwango 0 hugundua kosa bila kulisahihisha. Ukikuta programu yako imekaa hapo, ipandishe.

Kuhusu risiti, karatasi inayochapwa kwa joto huendelea kuathiriwa na joto. Risiti ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari au ndani ya mfuko wa plastiki hufifia, na QR ya kuhakikia risiti hupotea pamoja na maandishi. Anayezihitaji kwa hesabu za kodi azipige picha au azitoe nakala siku ileile.

Mlio unasikika lakini kilichoandikwa si sahihi

Hii ndiyo dalili ya hatari zaidi, kwa sababu kila mtu anaridhika na mlio na kosa linaingia kwenye hesabu za ghala kimyakimya. Fungua programu ya maandishi matupu kwenye kompyuta, skani msimbo ndani yake, na usome kilichoandikwa herufi kwa herufi kabla ya kuilaumu programu ya mauzo.

Duka moja la dawa nililohudumia lilikuwa na orodha ndefu ya namba za toleo ambazo hazikulingana na makasha yaliyokuwa rafuni. Data Matrix ya kasha la dawa, inapofuata utaratibu wa GS1, hubeba vipande vinavyotanguliwa na tarakimu za utambulisho: 01 kwa namba ya bidhaa, 17 kwa tarehe ya mwisho wa matumizi, 10 kwa namba ya toleo na 21 kwa namba ya mfululizo. Namba ya bidhaa daima ni tarakimu 14 na tarehe daima ni 6, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kwa hiyo hivyo viwili havina utata. Namba ya toleo na namba ya mfululizo zina urefu wowote usiozidi herufi 20, na kati yake huwekwa kitenganishi kisichoonekana. Skana inayojifanya kibodi haina kitufe cha kitenganishi hicho na mara nyingi hukidondosha. Kwenye skrini ya duka lile niliona 10A2211005. Toleo lilikuwa A2 na namba ya mfululizo ilikuwa 1005, lakini programu, bila kitenganishi, ilisoma toleo A2211005, na kila kasha likawa na toleo lake la pekee. Toleo moja likitakiwa kurudishwa kwa mtengenezaji, duka kama hilo lisingeweza kupata hata kasha moja.

Tiba ina njia mbili. Iagize skana ikibadilishe kitenganishi kwa alama inayoonekana, kama mstari wima, nayo programu iambiwe iitambue alama hiyo; au iunganishe skana kwa njia ya mlango wa mfululizo (serial port) badala ya kibodi, ili herufi zote zipite kama zilivyo. Tazama pia ule utambulisho wa mwanzo: ]d2 maana yake msimbo umejitangaza kuwa wa GS1, na ]d1 maana yake ni Data Matrix ya kawaida ambayo mchapaji amejaza tarakimu zilezile bila kufuata utaratibu. Kwa QR alama hizo ni ]Q3 na ]Q1. Ukikuta ]d1 kwenye kasha lenye vipande hivyo, kosa ni la aliyechapa lebo, na hakuna mpangilio wa skana yako utakaoliponya. Na tarehe yenye siku 00 usiihesabu kuwa mbovu; inamaanisha siku ya mwisho ya mwezi uliotajwa.

Ikiwa tarakimu zinageuka kuwa alama, yaani 1 inatokea kama &, 2 inatokea kama é na herufi a inatokea kama q, lugha ya kibodi haijalingana. Skana imepangwa kwa kibodi ya Kimarekani na kompyuta imepangwa kwa ya Kifaransa, hali ya kawaida Bujumbura na Lubumbashi ambako kompyuta nyingi huja na kibodi za Kifaransa. Kitabu cha skana kina msimbo wa kuchagua nchi ya kibodi. Uskani, kisha ujaribu tena kwenye programu ya maandishi matupu.

Lugha yetu ina mtego wake mmoja. Maneno ya Kiswahili huandikwa kwa herufi zisizo na alama za juu, kwa hiyo karibu hayaharibiki kamwe ndani ya msimbo, isipokuwa kwenye ng'. Programu ya kuandika hati hubadilisha kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda bila kukuuliza, na kibainishi kilichopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu ambazo msomaji asiyeutambua usimbaji huo huzionyesha kama alama tatu zisizoeleweka. Lebo ya "Maziwa ya ng'ombe" husomeka "Maziwa ya ngâ€™ombe". Rudisha kibainishi kilichonyooka kwenye orodha ya bidhaa yenyewe kisha uchape upya, kwa sababu ukirekebisha lebo moja kosa litarudi kwenye lebo inayofuata.

Simu inaonyesha mfuatano unaoanza na 000201

Hapa msimbo umesomeka sawasawa, ila umesomwa na programu isiyo yake. Huu ni msimbo wa malipo ulioandikwa kwa utaratibu wa EMVCo, shirika la viwango vya malipo ya kadi, unaotumika katika nchi nyingi, na KE-QR ya Benki Kuu ya Kenya imo katika ukoo huo. Kamera ya kawaida haijui kulipa, kwa hiyo inaonyesha maandishi tu; mteja aufungue kupitia programu ya benki au ya mtandao wake wa simu.

Mfuatano huo unasomeka kwa macho ukijua kanuni yake: tarakimu mbili za jina la kipande, mbili za urefu, kisha kilichomo. 010211 ni msimbo wa kudumu unaobandikwa kaunta, na 010212 ni wa muamala mmoja tu. 5303834 ni sarafu ya Tanzania, 5303404 ni ya Kenya. Programu ikikataa na kudai kwamba msimbo si halali, tazama kipande cha 59 chenye jina la mfanyabiashara na kile cha mwisho kinachoanza na 6304. Tuseme msimbo una 5912DUKA LA ASHA, na mtu akasahihisha tahajia kuwa DUKA LA AISHA kwa kuandika upya maandishi na kutengeneza QR mpya. Urefu 12 ulipaswa kuwa 13, na herufi nne za mwisho wa mfuatano, ambazo ni jumla ya kuhakiki yote yaliyotangulia, zilipaswa kukokotolewa upya. Mambo haya yasitengenezwe kwa mkono. Omba msimbo mpya kwa aliyekupa wa kwanza.

Unasomeka vizuri na kupeleka pasipostahili

QR nyingi za matangazo hazibebi anwani ya mwisho. Zina kiungo kifupi cha kampuni ya kati kinachomwelekeza msomaji kwingine, na usajili wa huduma hiyo ukiisha, mabango yote yaliyokwisha kuchapwa hufa siku moja ingawa viraba vyake havina doa. Soma anwani inayoonekana kabla ya kubofya: kama si jina la tovuti yako, umekodi mlango wa mtu. Kwa kitu cha kudumu kama bamba la mashine au mlango wa ofisi, weka anwani iliyo chini ya tovuti yako mwenyewe, ili uelekezaji uwe mikononi mwako.

Dalili ya mwisho ni mteja anayelipa, simu yake inathibitisha, na fedha hazifiki. Pitisha ukucha kwenye kingo za QR ya kaunta. Stika iliyobandikwa juu ya stika inasomeka kikamilifu, hakuna skana itakayoigomea, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo ndilo pekee linalotofautiana. Ing'oe, utoe taarifa kwa mtoa huduma wako wa malipo, kisha bandika msimbo mpya upande wa ndani wa kioo ukitazama nje, mahali ambapo taa haiakisi, na kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza uskani mwenyewe kwa simu yako na usome jina hilo hadi mwisho.